Mzigo wa Nansha Ubaki Nansha

Aprili 2

Kuta zinatoka jasho. Ndivyo msimu wa mvua unavyobisha hodi hapa Guangzhou: kabla ya tone la kwanza sakafu inalowa yenyewe, shuka hazikauki, na daftari hili limevimba hata kabla sijaliandika. Asubuhi Mama Bimkubwa, mwenye kampuni, katuita sote watatu wa kitengo cha programu, mimi, Hafidh na Eugene. Tukasimama mbele ya meza yake kama watoto waliovunja sahani.

"Mwanangu Hafidh," akaanza, na Mama akianza na mwanangu ujue hali ni mbaya. "Jana Eugene kaona kosa kwenye skana asubuhi na mapema. Kulirekebisha kumechukua muda gani?"

"Muda mdogo tu, Mama. Ilikuwa mstari mmoja."

"Na hiyo programu mpya imeingia kwenye skana lini?"

Hafidh akatazama viatu vyake. Iliingia jioni. Lori la bandarini lilikuwa limeshaondoka, marobota ya watu yamebaki ghalani yamejipanga.

"Basi nisikilizeni. Nawapa mpaka sikukuu ya mbio za mitumbwi, mwisho wa Mei. Ikifika siku hiyo na kurekebisha kijikosa bado kunakula siku nzima, nafunga kitengo, nanunua programu ya Wachina iliyo tayari. Sina ugomvi na mtu. Nina meli, na meli haisubiri mtu."

Sisi ni wasafirishaji wa mizigo. Wafanyabiashara wa nyumbani wananunua nguo hapa Kangle na vifaa vya umeme kwingineko, sisi tunakusanya, tunafungasha, tunapeleka bandari ya Nansha. Kila robota lina lebo, lebo inasomwa na skana, na programu iliyo ndani ya skana tumeiandika sisi. Kitengo kikifungwa, kibali changu cha kazi kimekwisha, nami narudi Bukoba na begi moja na maelezo mengi. Sirudi. Nimeliandika hapa ili nilione kila nikifungua.

Aprili 3

Jasho la kuta linaendelea. Hafidh haongei na mtu.

Aprili 7

Leo wakati wa chakula Eugene kanimegea siri ambayo kumbe si siri, ni mimi tu niliyekuwa sijui. Hafidh alioa mwaka jana huko Unguja, akakaa na mkewe likizo moja tu, akarudi kazini. Mke anaitwa Maulida. Ruhusa yake ya kuja kuishi huku imetoka, tiketi ipo, anatua uwanja wa ndege wa Baiyun tarehe 29 Mei. Lakini ruhusa hiyo imening'inia kwenye kazi ya Hafidh. Kazi ikienda, na Maulida haji.

Nilimwonea huruma, ila kidogo. Huyohuyo Hafidh ndiye aliyeujenga mtambo unaotuua.

Nieleze, maana miaka ikipita nitasahau nilikuwa nalia na nini. Programu ya skana haiundwi kwa mkupuo. Inaundwa kwa hatua maelfu, na hatua hizo zote pamoja ofisini tunaziita bildi. Kuna hatua nzito, kama kuugeuza msimbo tulioandika uwe lugha ya mashine. Kuna hatua nyepesi hata za kuonea aibu: chukua faili hii, inakili kwenye folda ile. Hafidh alikodi kompyuta zenye nguvu zilizoko kwenye jengo la mitambo huko Nansha, akaamuru kila hatua ikafanyiwe huko, na kila tokeo liwekwe akiba hukohuko ili lisifanywe tena kesho. Kwa hatua nzito, sawa, ni akili. Lakini kunakili faili! Faili iko hapa mezani kwangu. Inasafirishwa mpaka Nansha, inanakiliwa, nakala inawekwa akiba, kisha inarudishwa hapahapa mezani kwangu. Maelfu ya faili, kila bildi! Na waya wa intaneti tunagawana na mafundi cherehani wa chini, ambao mchana kutwa wanaangalia tamthilia kwenye simu huku wakishona.

Ni kama kupanda treni ya metro hadi uwanja wa ndege kwenda kuvaa soksi.

Aprili 11

Nimemkabili. Nilimwambia, "Kaka Hafidh, kunakili kufanyike hapahapa kwenye kompyuta zetu. Kuna alama ya kuweka kwenye hizo hatua: isipelekwe mbali, isiwekwe akiba. Kazi ya siku mbili tatu."

"Hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Kila kitu kinapita mahali pamoja, dada. Ndivyo nyumba hii inavyoendeshwa."

Nilitaka kumrushia kikombe. Lakini jibu lake ninalijua linakotoka. Zamani, kabla sijaja, marobota mawili yalibadilishana bandarini. Sare za kwaya ya Mbeya zikaishia Unguja, na sidiria za Unguja zikafunguliwa Mbeya mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa. Tangu siku hiyo Mama Bimkubwa ameweka sheria: kila mzigo, umenunuliwa popote, lazima uje ghalani kwetu, ufunguliwe, auone kwa macho yake, ufungwe upya, ndipo uende bandarini. Hafidh alikuwepo. Ndiye aliyepokea simu ya mchungaji. Alipopewa kazi ya kujenga mtambo wa bildi, akaujenga vilevile, kila kitu kipite mlango mmoja.

Ninaielewa sababu. Bado ni ujinga.

Aprili 14

Mvua. Hatimaye. Barabara ya nyuma imekuwa mto, watu wanavusha majora ya vitambaa wameyabeba kichwani.

Aprili 18

Ijumaa Kuu. Nimeenda kanisani nikasali. Niliombea wazazi, nikaombea bildi pia. Mungu atanisamehe, anajua nilivyobanwa.

Aprili 22

Nimefanya. Sikumwomba mtu ruhusa. Hafidh alikuwa ghalani na Mama, nikaketi, nikaweka alama kwenye hatua zote za kunakili, zote bila kubagua: zifanyike hapa, wala zisiwekwe akiba, maana kuitafuta nakala kwenye akiba ya Nansha kunachukua muda mrefu kuliko kuifanya upya hapa.

Nikabadilisha mstari mmoja, nikawasha bildi. Kabla sijamaliza chapati yangu, imekwisha! Nilipiga ukelele, Eugene akaja mbio akidhani nimeng'atwa na panya.

Hafidh aliporudi nikamwonyesha. Akasoma, akasogeza kiti, akasoma tena.

"Subiri bildi kubwa," akasema.

"Wivu huo, kaka."

Akarudi mezani kwake. Nami nilicheka, na Eugene akacheka. Siku nzuri sana.

Aprili 25

Chapati mbili, bildi tatu. Nimeanza kunenepa.

Aprili 30

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa bildi kubwa. Mara chache kwa mwaka tunatoa lebo mpya zenye picha, ili mteja akipokea robota Kariakoo au Mwanakwerekwe aone picha ya kilichomo. Picha hizo zinatengenezwa na kompyuta za Nansha: kila bidhaa inapunguzwa, inanyooshwa, inaunganishwa na nambari yake. Ni maelfu, na ni nzito. Zikishatengenezwa, zinanakiliwa kwenye folda ya kifurushi, na kifurushi kinafungwa hukohuko Nansha.

Zinanakiliwa. Na mimi nilikuwa nimeamuru kunakili kote kufanyike hapa.

Basi kila picha iliyotengenezwa Nansha ikaanza kushuka kwenye waya wetu mwembamba ije ofisini, inakiliwe, halafu ipande tena kwenda Nansha ikafungwe. Moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa nilikataza akiba, bildi ilipokatika njiani na kuanza tena, nakala zote zilianza upya. Kufikia adhuhuri intaneti ya jengo zima ilikuwa imekufa. Laoban wa cherehani, tajiri mwenyewe mwenye tumbo, akapanda ngazi akifoka kwa Kichina, simu mkononi, akitunyooshea kidole mmoja mmoja. Oda zake zinaingia kwa simu. Nilielewa neno moja tu, meiyou, hakuna, nalo alilirudia mpaka mate yakamtoka.

Nyuma yake akaja Mama Bimkubwa.

"Lori liko mlangoni," akasema. "Kesho ni Mei Mosi, bandari ina foleni. Lebo ziko wapi?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema kitu Hafidh akasema, "Tumebadilisha mtambo, Mama, na tumekosea hesabu. Tulikuwa pamoja."

Tulikuwa pamoja! Mtu niliyemcheka mbele ya Eugene!

Mama akatutazama kwa zamu. "Sikukuu ya mitumbwi haijasogea," akasema, akateremka. Lori likaondoka, na marobota yasiyo na lebo mpya yakabaki. Wateja wakapiga simu hadi jioni, na simu zote alizipokea Hafidh.

Baadaye nikamfuata kwenye korido. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilisema subiri bildi kubwa."

"Ungenieleza!"

"Ungesikiliza?"

Nimerudi chumbani nimelia, si kwa huzuni, kwa hasira tu. Namchukia kwa kuwa alikuwa na haki, na namchukia zaidi kwa kunikinga.

Mei 1

Sikukuu. Nimelala. Mvua.

Mei 6

Nimenunua tangawizi, nikapika chai, nikampelekea kwenye kile kikombe chake chenye kifuniko. Nikasema, "Samahani, kaka." Akasema, "Yamekwisha." Kisha akaongeza, na uso mkavu kabisa, "Ila chai haina sukari." Nikajua tumepatana.

Tumekaa asubuhi nzima. Kumbe hata yeye aliona tangu mwanzo kwamba kupeleka kila kitu Nansha ni kazi bure. "Miye nilichoka na simu za yule mchungaji," akasema. "Nikaona bora mtambo uwe mzito, lakini nilale usingizi." Nami nilitaka kuukimbia mtambo wake mpaka nikaanguka upande wa pili. Njia yake haifai, yangu haifai. Basi ipi inafaa? Hatukupata.

Mei 9

Tumepata! Na aliyetupa jibu ni Mama mwenyewe bila kujua.

Kuna mteja wa Tanga kanunua feni za mezani. Kiwanda cha feni kiko Nansha, hatua chache kutoka bandarini. Lakini sheria ni sheria: feni zikapakiwa Nansha, zikaanza safari kuja huku Kangle zionwe na Mama, zifungwe upya, zirudishwe Nansha. Mvua ikafurika barabara, gari likakwama, maboksi ya chini yakalowa. Mama yuko dirishani anamfokea dereva kwenye simu: "Zilikuwa palepale! Zilikuwa palepale bandarini, na sasa zinaogelea!"

Nikamgeukia Hafidh. Hafidh alikuwa ameshanigeukia mimi.

"Picha," nikasema.

"Picha ndizo feni," akasema.

Tukacheka hadi Mama akatugeukia kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Lakini ndivyo ilivyo. Swali halikuwa kunakili kufanyike hapa au kule. Swali ni kitu chenyewe kiko wapi wakati wa kunakiliwa. Faili zetu tulizoandika ziko hapa, zinakiliwe hapa na zisiwekwe akiba. Picha zilizozaliwa Nansha zinakiliwe Nansha, zibaki kwenye akiba ya Nansha, na kinachoshuka kwenye waya kiwe kifurushi cha mwisho tu.

Nimeshika uzi. Siuachii.

Mei 12

Tunazipitia hatua zote za kunakili, moja moja, tunauliza: wewe umezaliwa wapi?

Mei 13

Umezaliwa wapi.

Mei 15

Nimeota faili moja inanijibu, "Muleba."

Mei 19

Mvua imenyesha bila kupumzika. Ukungu umeota kwenye begi langu lililo juu ya kabati. Nimelifuta nikalirudisha palepale, halina safari.

Nilikuwa namwona Hafidh mtu wa kuvimba kichwa. Sivyo alivyo. Ni mwoga, na woga wake ni wa kuwaumiza watu. Kila nikigeuza hatua moja anauliza lilelile: "Ikichukua faili ya zamani je? Lebo ya Mbeya ikaenda Unguja?" Mara ya kwanza nilikasirika. Leo nimeona ana haki. Kompyuta zetu zimejaa masalia ya kila siku, na kunakili kunakofanyika hapa kunaweza kuokota kitu kibovu kilichosahaulika. Kwa hiyo tumeamua kunakili kwa hapa kufanyike kwenye chumba kilichofungwa ndani ya kompyuta, faili iliyotajwa kwa jina inaingia, nyingine haioni hata mlango.

Mei 21

Eugene kapewa kazi anayoipenda, kutuharibia. Kaficha lebo za mwaka jana kila folda, zenye majina yaleyale. Amehangaika kutwa. Mtambo umemkatalia kila mara.

"Dada Clem, umenishinda," kasema, kanuna kama aliyenyimwa nyama. Hafidh katabasamu. Sikujua ana mwanya.

Mei 26

Tumejaribu bildi kubwa, picha zote. Imepita, na cherehani za chini hazikujua hata kama tupo. Tukamwambia Mama. Akasema, "Nimeshasikia maneno. Nataka kuona lori."

Mtu wa kampuni ya ile programu ya Kichina alikuwa kwake leo. Wamekunywa chai.

Mei 29

Leo Maulida anatua. Hafidh kaja kazini na shati jeupe limenyooshwa hadi linakata, manukato yamejaa ghorofa. Mama alimruhusu aondoke baada ya chakula. Alikuwa ameshasimama, mwavuli mkononi, Eugene akapanda ngazi anahema.

"Skana zinasoma marobota mapya ya Unguja kama ya Mwanza!"

Yale yale ya mchungaji. Lori lilikuwa mlangoni, nusu limepakiwa, na Mama Bimkubwa yuko nyuma ya Eugene.

"Hafidh," akasema. Hakusema mwanangu. "Huondoki mpaka kosa hili lipone."

Ndege ilikuwa imeshaanza kushuka. Kwa mtambo wa zamani, Maulida angekaa na masanduku yake pale Baiyun mpaka giza, katika nchi asiyojua hata kuomba maji. Hafidh akatazama saa. Akaweka mwavuli chini, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akakaa.

"Mimi natafuta kwenye msimbo," nikamwambia, "wewe angalia picha."

Kosa lilikuwa dogo, herufi ya kituo cha Mwanza imepewa Unguja pia, kwenye msimbo na kwenye lebo. Ilibidi tuguse vyote viwili, faili za hapa na picha za kule. Nikarekebisha, akakagua, nikakagua alichokagua. Nikawasha bildi.

Mama akajikalia juu ya robota katikati ya ofisi, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja hospitali kusubiri majibu. Hafidh akajimiminia chai ya moto, akafunika kikombe. Faili za hapa zikanakiliwa hapa. Picha za Nansha zikanakiliwa Nansha. Kifurushi kikashuka kwenye waya.

"Tayari," nikasema.

"Tayari nini?" Mama akauliza.

"Imekwisha, Mama. Eugene, weka kwenye skana."

"Imekwisha vipi? Hata sijapata nafasi ya kukasirika!"

Akainuka, akamnyang'anya Eugene skana, akateremka mwenyewe ghalani, sisi nyuma yake. Akasoma robota la kwanza: Unguja. La pili: Unguja. Akalizunguka lori, akachagua la katikati kabisa, akawaamuru wapakiaji walitoe, akasoma: Mwanza, na ndani, alipolifungua kwa kisu chake, mna madaftari na mabegi ya Mwanza kweli. Hakuacha hata moja la Unguja. Tulisimama tukimwangalia, Hafidh midomo inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua.

Mama alipomaliza akageuka. "Mwanangu, unangoja nini? Mkeo atapokewa na nani, askari wa uwanja?"

Wallahi hakuaga. Alikimbia kwenye mvua kuelekea metro, mwavuli kauacha ofisini, shati jeupe limelowa mgongoni kabla hajafika kona. Eugene akapiga mbinja, hata mafundi cherehani wakachungulia dirishani. Nikalia hadharani, bila haya.

Tulipopanda juu Mama aliniuliza tumefanya nini hasa. Nikamweleza kwa feni, maana kwa feni anaelewa. Nilimwambia tulikuwa tunapakia feni kutoka Nansha tunazileta hapa kuziangalia tunazirudisha. Kisha mimi nikakosea zaidi. Sasa kila kitu kinashughulikiwa pale kilipo, mlango umefungwa, hakiingii kisichotajwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Simu yake ikalia. Nilisikia sauti ya dereva: feni nyingine za yule mteja wa Tanga ziko tayari kiwandani, apande nazo?

Mama akaangalia dirishani, mvua inamwagika kama ndoo.

"Mzigo wa Nansha ubaki Nansha," akasema polepole. "Eugene atakuja kuzifungua hukohuko, anitumie picha za kila boksi. Kila boksi, umesikia?" Akakata simu, akakusanya mkoba wake.

Nikajikaza nikauliza, "Na ile programu ya Wachina, Mama?"

"Ipi?" akasema, akatoka.

Nikakaa. Mwavuli wa Hafidh ulikuwa umeegemea meza, na kikombe chake kiko palepale alipokiweka. Nikafunua kifuniko. Chai ilikuwa bado ya moto, nikainywa yote.